Barabara Chini ya Miparachichi

Sururu yangu iligonga kitu kigumu siku ya tatu ya kibarua.

Nilikuwa nimeshachimba mashimo ya miparachichi yapata arobaini, futi mbili upana, futi mbili kwenda chini, shilingi 1,000 kwa shimo. Ndugu msomaji, kama hujafika huku kwetu kati ya Makambako na Njombe, jua kwamba siku hizi parachichi ndiyo habari ya mjini. Mwenye ekari mbili anapanda, mwenye ekari mia anapanda, na sisi tusio na ekari tunachimba mashimo. Udongo wetu ni mwekundu na laini, mtu mwenye afya anamaliza shimo huku akipiga soga. Lakini pale mahali sururu ilinirudia mikononi kana kwamba nimepiga chuma. Nikahama hatua mbili. Yale yale. Mwenzangu wa mstari wa pili naye akaanza kulalamika. Tukabanduabandua changarawe iliyoshindiliwa mpaka ikawa kama saruji, na jua lilipozama tulikuwa tumemaliza mashimo saba tu kila mmoja. Tajiri mwenye shamba alipofika na pikipiki yake alisema neno moja: shimo ni shimo, bei ni ile ile.

Jioni nilimkuta babu amekaa nje kwenye kigoda chake, koti zito begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mikono imefanyaje hiyo?"

Nikamwonyesha malengelenge, nikamweleza habari ya changarawe. Babu akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, wewe umechimba barabara. Barabara ya Songea hiyo. Hapo ulipopiga sururu ndipo basi lilipokuwa linasimama, na marehemu bibi yako anatoka na birika la chai."

Nikadhani ananitania, maana babu na mjukuu hawakosi utani. Barabara ya Songea naijua. Ni lami, iko ng'ambo ya bonde, kama nusu kilomita kutoka nyumbani kwetu, na usiku tunasikia malori yakibadilisha gia kwenye mlima. Huku kwetu kuna mahindi, viazi, miti ya mbao na sasa parachichi. Basi litasimamaje katikati ya shamba?

Hapa inabidi nijieleze kidogo. Mimi nimekulia Makambako mjini, kwa mama mdogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata divisheni foo, nikakaa mjini mwaka mmoja bila kazi ya maana, halafu nikaja kijijini kwa babu nikiwa na begi la nguo na madaftari matatu ya riwaya ambayo haijaisha mpaka leo. Riwaya yenyewe inahusu jambazi mmoja wa Dar es Salaam, mji ambao nimeufika mara moja tu kwa siku mbili. Nakiri kosa. Nilikuwa naandika habari za mitaa nisiyoijua, na kumbe barabara nzima ilikuwa imezikwa mita mia mbili kutoka kitandani kwangu.

Kesho yake sikwenda kibaruani. Nilimwomba babu anionyeshe.

Barabara iliyokufa inajulikana ukishaelekezwa dalili zake. Ya kwanza ni majani. Mahali palipokanyagwa na magurudumu miaka mingi, udongo umebanana, mizizi haipenyi, kwa hiyo majani yake ni mafupi na mahindi yake ni ya njano. Ya pili ni miti. Mikaratusi mikubwa iliyosimama kwenye mstari mahali pasipo na nyumba wala mpaka wa shamba, ujue kuna mtu aliipanda kandokando ya kitu. Ya tatu ni mashimo makubwa ya kifusi yaliyojaa maji, ambayo watoto huogelea na ng'ombe hunywa. Tuliyaita mabwawa, kumbe ndimo ilimotolewa changarawe. Ya nne ni kalavati. Chini kidogo, penye kijito, babu alifyeka matete kwa panga na mimi nikaona mdomo wa kalavati la mawe, mawe yaliyochongwa kwa mkono, na maji bado yanapita ndani yake safi kabisa. Juu yake hapakuwa na barabara tena. Palikuwa na viazi.

Nikaona na jambo jingine. Barabara ya zamani ilikuwa inapinda kama nyoka. Inafuata mgongo wa kilima, inazunguka bonde lote, inarudi karibu pale pale ilipotoka. Nikamwuliza babu kama waliojenga walikuwa wamekunywa ulanzi. Akasema hapana, walikuwa na jembe. Mwenye jembe na sururu hawezi kuukata mlima wala kulijaza bonde. Anapita juu ya mgongo, ambako maji ya mvua yanateremka pande zote mbili yenyewe na madaraja hayahitajiki mengi. Mwenye katapila haulizi mgongo uko wapi. Anakata huku, anajaza kule, ananyoosha. Kwa hiyo kona za zamani ni kumbukumbu ya mikono ya watu, na mahali ambapo lami imenyooka ndipo kona hizo zilipobaki nje, kama vipande vya uzi vilivyokatwa na fundi cherehani.

Basi nikaanza kuuliza: hii barabara ilitoka wapi, na kwa nini iliondoka? Nilisoma nilichokipata, nikauliza wazee, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Zamani hizo palikuwa na njia za miguu. Wabena, Wakinga, Wahehe, Wasangu na Wangoni walipita hapa na chumvi, majembe, mifugo na wakati mwingine mikuki. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika, njia hizo zikapata wageni. Mwaka 1916 Jenerali Edward Northey wa Uingereza alivuka kutoka Nyasaland, akaichukua Tukuyu, majeshi yake yakapita Njombe, yakapigana na Wajerumani Malangali mwezi wa saba, na mwisho wa mwezi wa nane yakaingia Iringa. Novemba mwaka huo huo kikosi cha Wajerumani kikasalimu amri Ilembula, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Wanging'ombe. Vitabu vinamtaja jenerali. Risasi zake na unga wake vilibebwa vichwani na wapagazi, na maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa na magonjwa. Northey baadaye akawa gavana wa Kenya. Mpagazi aliyerudi Njombe alikuta kodi inamsubiri.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, walikuwa na ndoto ya barabara moja kutoka Cape Town mpaka Cairo. Kipande chake cha huku walikiita Great North Road: kinaingia Tunduma, kinapita Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati mpaka Arusha, halafu Nairobi. Jina kubwa, lakini kwa sehemu kubwa ilikuwa udongo na changarawe. Njia yetu ya Njombe na Songea ilikuwa tawi lake. Wakati wa mvua gari lilikuwa linasukumwa zaidi kuliko linavyoendeshwa. Na nani aliyezitengeneza? Asiyeweza kulipa kodi kwa fedha alilipa kwa jasho, na barabara ilikuwa mojawapo ya kazi hizo. Nilipomwuliza babu kama baba yake alilipwa kwa kulima barabara, alinitazama kama mtoto mdogo. "Alilipwa kwa kutofungwa," akasema.

Barabara ilipokwisha kulimwa, ikaanza kuwachukua watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kukusanya wafanyakazi, SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya sehemu walikochota vijana wengi. Ndio hao manamba, jina lililotokana na namba waliyopewa. Babu alikwenda mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, kwenye lori, amesimama. Namba yake bado anaikumbuka, mimi sitaiandika maana ni yake. Anasema alipokata mkonge Tanga, mikono ilikuwa kama yangu siku ile ya malengelenge, isipokuwa yeye hakuwa na babu wa kumwonyesha jioni.

Sasa tusogee mpaka mwaka 1965. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kizungu. Zambia, ambayo ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, ilijikuta imebanwa kooni, kwa sababu mafuta yake na shaba yake vilikuwa vinapita kwa reli ya kusini, kwa hao hao. Mafuta yakakatwa. Ikabidi yapitie Dar es Salaam, kwa ndege, na kwa malori juu ya barabara yetu ya udongo. Ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania pamoja na Waitaliano, yakaja malori ya Fiat yenye tela, yanapanda na mapipa ya mafuta, yanarudi na shaba. Wakati wa masika yalikuwa yanazama, yanapinduka, yanaungua. Wazungu waliipa barabara hiyo jina la Hell Run, mbio za jehanamu. Babu alikuwa amesharudi kutoka mkonge. Anasema mtu alikuwa akisimama Makambako anaona vumbi kwanza, halafu baada ya muda mrefu ndiyo analiona lori.

Kutokana na shida hiyo ya Zambia, ndani ya miaka kumi nchi yetu ya huku iligeuka. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, likaanza kazi. Kati ya 1968 na 1973 ikajengwa barabara ya lami ya TANZAM, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine. Halafu Wachina wakaja na reli, ile reli ambayo wakubwa wa Magharibi walisema haina faida. Kazi ilianza 1970, mwezi wa saba 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ya kupanda kutoka Mlimba mpaka hapa hapa Makambako, milima na mabonde, mahandaki na madaraja. Ikishafika Makambako, reli inakwenda sambamba na barabara kuelekea Mbeya.

Hivyo ndivyo Makambako ilivyokuwa mji. Haikuwa na mfalme wala bandari wala dhahabu. Ilikuwa na njia panda. Lori la Zambia, treni la Mchina na basi la Songea vyote vinakutana pale, na penye kukutana watu watatu wenye njaa lazima mtu wa nne auze chakula. Mama mdogo aliyenilea aliuza chakula pale stendi, na kalamu niliyoandikia mtihani wa kidato cha nne ilinunuliwa na abiria wasiojua wanasomesha nani.

Lakini hiyo ni historia ya barabara iliyoishi. Mimi nataka iliyokufa, na hapo ndipo babu alipobadilika sauti.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mpaka mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikamfikia babu. Wakati huo alikuwa anakaa bondeni, kwenye shamba la baba yake, karibu na chemchemi na mianzi yake ya ulanzi. Wakaja viongozi na mgambo, wakasema watu wote wahamie barabarani. Vijiji vingi vya nchi hii vilipangwa hivyo, kando ya barabara, ili shule ifike, zahanati ifike, mbolea ifike, na kiongozi naye afike bila kuchafua viatu. Nisiwe mchoyo wa haki: shule ilikuja kweli, na baba yangu alijifunza kusoma humo. Lakini babu alilitoa paa la nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, huku mgambo wamesimama wanamtazama, akalibeba mpaka barabarani, akapewa kiwanja.

Bibi, Mungu amrehemu, hakukaa akilia. Alisema kama wametuleta barabarani basi barabara itulishe. Akajenga banda la fito na udongo, akaweka mafiga matatu, akaanza kuuza chai, maandazi na viazi vya kuchemsha, na msimu wa mvua ulanzi kwa wale wasioendesha, na kwa wanaoendesha pia, maana nyakati hizo nani alikuwa anauliza. Watu wakaliita hoteli. Ilikuwa enzi za KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa, basi likikwama kwenye tope abiria wanalala hapo hapo. Babu anasema usiku mmoja walilaza watu ishirini na wawili kwenye chumba kimoja na jiko, na asubuhi mmoja wao, mwalimu wa Songea, aliwaachia kitabu badala ya pesa. Kitabu kiliungua baadaye. Nilisikitika kuliko babu.

Katika miaka ya 1980 wakaja watu wenye darubini za miguu mitatu na vigingi vyenye rangi nyekundu. Barabara ya Makambako mpaka Songea inajengwa kwa lami, Uingereza imetoa msaada. Kijiji kizima kilifurahi. Bibi alinunua vikombe vipya kumi na viwili. Halafu vigingi vikapita ng'ambo ya bonde.

Mhandisi hakuwa na ubaya na mtu. Lami ni ghali, kila kona unayoikata ni pesa, na lori linalobeba mahindi ya Songea halitaki kuzunguka kilima ili kumsalimia bibi yangu. Kwenye ramani ni mstari tu ulionyooshwa. Makatapila yakajaza bonde, makalavati makubwa yakalazwa, lami ikamwagwa, na siku moja, babu haikumbuki tarehe, mabasi hayakupita tena. Hakuna aliyekuja kutangaza. Bibi alichemsha chai asubuhi kama kawaida. Akachemsha na kesho yake. Alichemsha karibu wiki mbili, anasema babu, kwa sababu madereva walikuwa ni watu wake, na hakuamini kwamba wangepita kule bila hata kuja kuaga.

Mwaka 1974 watu walihamishiwa barabarani. Baada ya miaka kama kumi barabara ikawahama watu. Ndugu msomaji, nimesoma historia miaka minne sekondari, nimekariri sababu za hili na matokeo ya lile, lakini sentensi hizo mbili sikuzikuta popote.

Majirani wengine wakabomoa tena, wakahamia kwenye lami. Wajukuu wao leo wana fremu za maduka, wana gereji, mmoja ana kituo cha mafuta. Babu alikataa. Alisema, "Nimeshahamishwa mara moja. Sihami tena." Walimwona mkaidi, na mpaka leo wako wanaomcheka. Zile mita mia tano zimetugharimu sana. Mbolea ikishushwa lamini lazima ibebwe. Mgonjwa lazima abebwe. Mwaka bibi alipougua alibebwa kwa machela kuvuka bonde lile lile, usiku, na mvua inanyesha. Sitasema zaidi ya hapo, kwa sababu babu alinyamaza hapo.

Barabara iliyoachwa ikabaki kuwa njia ya ng'ombe. Halafu watu wa pande mbili wakaanza kuisogelea, kila msimu mistari miwili ya mahindi. Babu akalima mpaka katikati, akapanda miti kwenye kipande alichoshindwa kukilima. Na hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo sikujua kama ni swali.

"Babu, sasa lile shamba lilifikaje kwa tajiri?"

Alikaa muda mrefu akichezea fimbo yake.

"Niliuza," akasema. "Wewe ulikuwa kidato cha pili. Mama yako mdogo alituma ujumbe kwamba stendi biashara imekuwa mbaya, na mtoto ana madeni shuleni."

Nilijua kwamba babu aliuza shamba wakati fulani. Kila ukoo una shamba lililouzwa. Sikujua ni lipi. Nilikuwa nimechimba siku tatu, shilingi 1,000 kwa shimo, kwenye ardhi iliyogeuka kuwa daftari zangu, sare yangu, viatu vyangu, na mwisho wa yote divisheni foo. Sikuwa na la kusema. Babu akanipiga begani kwa fimbo, taratibu. "Usifanye uso huo," akasema. "Barabara haikuwa yangu. Nilimuuzia barabara ya serikali." Akacheka tena.

Tulitembea mpaka mwisho wa kipande. Nilihesabu hatua, zilikuwa 640 kutoka kwenye kalavati mpaka mahali inapomezwa na shamba la miti. Babu alinionyesha: hapa lilisimama basi. Hapa dereva mmoja wa Songea alikuwa anaacha barua. Hapa palikuwa na mti wa kivuli. Hapa hoteli. Penye hoteli nilipiga magoti nikachakura kwenye majani, nikayapata mafiga mawili, meusi bado upande mmoja. La tatu hatukuliona. Pembeni yake palikuwa na shimo la parachichi nililolichimba mwenyewe Jumanne.

Niliporudi kazini nilimwomba tajiri kitu kimoja, asilibomoe kalavati, maana nilisikia anayataka yale mawe kwa ajili ya msingi wa kibanda cha mlinzi. Sikumwambia habari za historia. Nilimwambia maji yatakosa njia, yatamlia shamba. Akalikubali hilo haraka.

Ninawaandikia wenzangu mnaotaka kuandika, na mlioko mijini ambako lami inawekwa juu ya lami. Huku kwetu kazi inaendelea. Njombe ni mkoa wake tangu 2012. Barabara ya kwenda Ludewa imejengwa kwa zege kipande cha Lusitu mpaka Mawengi, kilomita 50, kwa sababu ya milima na mvua. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Sipingi hata moja. Mgonjwa wa Ludewa anaihitaji hiyo zege kuliko anavyohitaji makala yangu. Ila kila zinaponyooshwa hizo kona, kuna birika la mtu linabaki motoni upande usio na basi, na kwenye ripoti za ujenzi birika haliandikwi. Wanaandika kilomita, wafadhili na tarehe ya ufunguzi. Mwenye daftari la riwaya ya jambazi asiyemjua anaweza kuandika birika. Wazee waliolishika wapo, lakini si kwa muda mrefu. Babu yangu ana zaidi ya miaka themanini na anakohoa.

Miche tuliipanda Desemba, mvua zilipokwisha kukolea. Mistari kwa mistari, mizuri. Mwezi wa pili nikapanda kilimani kukata kuni, nikatazama chini, nikaweka kuni chini.

Miparachichi haipendi kutuamiwa na maji. Kwenye udongo mwekundu maji yanapita, miche imechanua majani ya kijani. Lakini kwenye yale mashimo tuliyoyachimba kwa shida, maji yalikaa kama kwenye beseni, kwa sababu chini yake kuna changarawe iliyoshindiliwa na baba wa babu, na malori, na mabasi. Miche ya hapo imekuwa ya njano. Kutoka juu unaona ukanda wa njano unaopinda katikati ya shamba lote la kijani, unaufuata mgongo wa kilima, unazunguka bonde, mpaka kwenye kalavati. Barabara yote, kona kwa kona.

Nilishuka mbio kumwita babu. Hakuweza kupanda kilima, kwa hiyo nilimchorea kwenye daftari, ukurasa wa nyuma wa riwaya. Aliutazama mchoro muda mrefu, akaweka kidole mahali palipokuwa na hoteli. Hakukosea.

Tajiri amesema tung'oe miche yote ya njano na tuchimbe upya, futi nne kwenda chini. Bei ni ile ile.